Kipepeo Aliyemzuia Mjomba Juba

Wote mmeniuliza swali moja, mlangoni kanisani, dukani, hata kwenye simu nikiwa nimeshika mkasi: "Keji, mbona umerudi peke yako?" Nimechoka kulijibu vipande vipande, kila mtu akaondoka na kipande chake kwenda kukishona anavyotaka. Basi kaeni niwasimulie lote, na mkimaliza kusoma mnaweza kunikasirikia kwa haki.

Wengine hammjui Mjomba Modi. Ni ndugu wa mwisho wa marehemu mama, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Sisi tulipokimbia vita kuja Kenya, yeye alikimbilia Uganda, akafundisha kambini miaka mingi. Baadaye akarudi Juba na kujenga nyumba katika mtaa wa Juba Na Bari, karibu na mto. Mkewe alifariki, watoto hawakujaliwa, na sasa mikono yake imeanza kutetemeka. Tulikaa kikao hapa Nakuru tukakubaliana aje tumtunze. Nikachaguliwa mimi kumleta, kwa sababu fundi cherehani hana bosi wa kumwomba ruhusa, na kwa sababu, walisema, najua kubembeleza.

Mjomba hakukataa. Alitoa sharti. Tangu ujana wake amekuwa akikusanya vipepeo, anawakausha na kuwapanga katika masanduku ya mbao yenye kioo, na katika sanduku la vipepeo wa Juba nafasi moja ilikuwa haijajazwa. "Nikipata huyo jike, sanduku imejaa, mimi nakuja Nakuru," alisema kwenye simu. Kaka yangu alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikwenda kununua kitambaa cha chandarua, nikashona wavu.

Nakuru hadi Kampala

Aliyekaa nami kwenye basi alikuwa mama mmoja wa Busia, mnene, mchangamfu, mwenye chupa ya chai kubwa kuliko mkoba wangu. Wavu niliukunja mapajani, mweupe mtupu, na yeye akaupapasa kwa kidole.

"Shela ya harusi hii? Umeishona vizuri. Bibi harusi ni binti yako?"

"Hapana, mama. Ni ya kushikia vipepeo."

Aliuondoa mkono polepole, akaangalia dirishani mpaka tukapita Eldoret. Nadhani aliona nina matatizo yangu na hakutaka kuyachokoza. Kisha akanimiminia chai, akanipa na kipande cha kiazi kitamu, akasema kwa upole kwamba dada yake naye aliwahi kuchanganyikiwa baada ya talaka na sasa amepona kabisa. Nilijaribu kumweleza habari za Mjomba. Alinisikiliza akitikisa kichwa, na alipokuwa akishuka aliniachia chai iliyobaki. Namshukuru hadi leo, maana gurudumu lilipasuka mbele kidogo ya Jinja, tukakaa kando ya barabara muda mrefu, na ile chai ndiyo iliyonishikilia roho.

Kampala hadi Elegu

Basi la pili lilikuwa na dereva aliyependa kusimama. Alisimama kununua mihogo, akasimama kumsalimia shemeji yake, akasimama kwa nyama choma na gonja, zile ndizi za kuchoma ambazo Waganda wanakupa zikiwa bado zinatoa moshi. Hapo sikulalamika. Nilikula na kusaza.

Tulipovuka daraja la Karuma mkanda wa injini ukakatika. Utingo akapanda pikipiki kwenda kutafuta mwingine, na abiria tukatawanyika vichakani kutafuta kivuli. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Kandokando ya barabara palikuwa na madimbwi, na kwenye tope lake walikuwa wametua vipepeo weupe na wa manjano, wamebanana kama watu kwenye bomba la maji. Miaka yote nimepita barabara za nchi tatu na sikuwahi kuwaangalia. Sasa niliwaangalia, na niseme kweli, nilipendezwa.

Nikauchomoa mpini wa wavu. Mjomba alikuwa amenieleza kwenye simu: usimkimbize, mngoje atue, mpige kwa ubavu, kisha pindua mdomo wa wavu ili asitoke. Nilimkimbiza. Abiria wote walicheka, na bwana mmoja mwenye suti akaanza kunielekeza kama kocha: "Kulia! Kulia! Sasa amekwenda nyuma yako!" Mwishowe alikuja kipepeo mmoja wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na nyeupe, anaruka polepole kama hana haraka na dunia, nikamnasa.

Mjomba alisema ukishampata, ukiwa huna chupa, mbane kifua kwa vidole viwili kupitia kitambaa, atakufa mara moja bila kuharibika mabawa. Sikupenda kufanya hivyo. Nilifumba macho nikambana, akalegea. Nikamkunjia karatasi ya gazeti kwa pembe tatu, nikamweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Yule bwana wa suti akanipongeza kwa kunishika mkono.

Elegu, Nimule, na barabara ya Juba

Ya mpakani nayaruka, foleni ni foleni. Upande wa Nimule nilisikia Kiarabu cha Juba kutoka kila upande, nikawa nageuka kila nilipokisikia, maana ndicho mama alichokuwa akitukemea nacho jikoni.

Katika kizuizi kimoja njiani tuliambiwa tushuke na mizigo. Askari kijana mrefu, mwenye uso wa uchovu, akaufungua mkoba wangu. Akatoa pini nyembamba alizoniagiza Mjomba, akatoa mfuko wa naftalini za kufukuzia wadudu, akatoa wavu.

"De shunu? Hii ni nini?"

"Wavu wa vipepeo, kaka. Mjomba wangu anakusanya."

"Anakula?"

"Hali. Anawaangalia."

Akawaita wenzake wawili waje wanisikie nikirudia. Nikarudia. Akakichukua kitabu cha nyimbo, akaona karatasi iliyokunjwa, akaniambia niifungue mwenyewe. Nafikiri alidhani ni dawa za kulevya. Nikaifungua pembe moja, nikafungua ya pili, na yule kipepeo niliyemuua mimi mwenyewe kwa vidole vyangu akajinyoosha, akapepesa mabawa mara moja na kuruka juu ya kofia ya askari, akaenda zake Sudan Kusini bila kuulizwa chochote.

Nilipigwa na butwaa. Askari naye alimfuata kwa macho mpaka akapotea, kisha akacheka kicheko cha mtoto, uchovu wote ukamtoka usoni.

"Huyu alikuwa hajakubali kufa," alisema. "Haya, mama, funga mkoba. Salimia mjomba."

Juba Na Bari

Mjomba alinipokea getini kwa mikono miwili, na mikono yote miwili ilitetemeka mikononi mwangu. Nilikuwa nimeambiwa, lakini kuambiwa si kuona. Amekonda. Kola ya shati lake ilikuwa imegeuzwa na kushonwa upya kwa mkono, mishono midogo, safi, si ya mwanamume huyo. Jicho la fundi halilali.

Nilipomsimulia habari za kizuizini alicheka mpaka akakaa chini.

"Keji, huyo ni ile ya sumu! Kifua yake iko ngumu kama mpira. Wewe nabana, yeye nalala kidogo, halafu naamka. Ndege pia nashindwa na yeye."

Akanifungulia sanduku. Jamani, sijui niwaelezeje. Safu kwa safu, kila mmoja na pini yake, mabawa yamenyooshwa sawasawa, na kando ya kila dume jike wake. Katikati palikuwa na dume mweusi mwenye madoa makubwa meupe yaliyozungushiwa zambarau inayong'aa ukigeuza kichwa. Kando yake palikuwa patupu.

"Jike yake haifanani na yeye hata kidogo," Mjomba alinieleza. "Jike iko chungwa. Imevaa nguo ya ile ya sumu, ndege aogope. Naruka polepole kama yeye, kila kitu kama yeye. Ile ya sumu, bawa ya nyuma, katikati iko na madoa meusi madogo-madogo. Huyu iko na doa moja tu, juu, pembeni. Zamani nilikuwa naona doa ikiruka. Sasa macho imechoka, na mkono, wewe naona mwenyewe."

"Na tukimpata?"

"Nikimpata, kalas, imekwisha, tunaenda. Mimi ni mwalimu. Nilisema mbele ya ukoo."

Wakati huo mama mmoja aliingia bila kubisha, na sinia kichwani. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, amefunga kitambaa cha maua. Alitandika meza kama mtu anayejua kila kijiko kilipo: kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, mchuzi wa samaki mkavu wenye siagi ya karanga, na chai ya rangi yenye tangawizi. Huyo ndiye Mama Kiden, jirani, mjane. Binti yake Kiden ameolewa Yei. Alinisalimu, akanikumbatia kwa nguvu, kisha akauliza akiwa anamimina chai:

"Wewe nakuja kuchukua mwalimu?"

"Ndiyo, mama. Kule atakuwa na watu."

"Kwes," alisema. Ni vizuri. Akamkatia Mjomba kisra vipande vidogo, akausogeza mchuzi karibu na mkono wake unaotetemeka zaidi, akarudi kwake. Nami nilikuwa na njaa mno kufikiri lolote.

Rejaf

Kule Rejaf, nje kidogo ya mji, ndiko Mjomba alikomwona jike huyo msimu uliopita, basi tulikodi boda boda mbili. Njia ilikuwa tope, na pikipiki ya Mjomba ilizama mahali ambapo dereva wake aliapa ni pakavu. Wakulima wawili wakatusaidia kusukuma. Tulipofika shambani kwao tulikuwa na rangi moja, sisi na pikipiki.

Mjomba akapewa kigoda kwenye kivuli, na mimi nikaachiwa shamba lote. Niliwanasa wa chungwa wengi asubuhi ile. Kila mmoja nilimpelekea ndani ya wavu, yeye akaweka kioo chake cha kukuzia machoni, mkono ukitikisika, na mimi nikimshikilia kiwiko.

"Madoa madogo-madogo. Achilia."

Wa pili, achilia. Wengine wote, achilia. Jua lilipanda, mgongo ukaniuma, nikaanza kuwachukia vipepeo wa sumu wa dunia nzima. Wenye shamba wakatuita kula. Walikuwa wamechoma samaki kutoka mtoni, wakatuletea na bakuli la rijla, ile mboga ya majani manene yenye utelezi inayotambaa ardhini. Mama mwenye shamba aliomba radhi kwamba rijla yake msimu huu imeliwa na viwavi weusi wenye miiba, na anawaokota kila asubuhi kuwatupa.

Mjomba aliacha samaki. Sijawahi kumwona mzee akisimama haraka vile.

"Miiba? Kichwa nyekundu kidogo? Mama, iko wapi?"

Kumbe jike wetu hutaga mayai kwenye rijla. Tulikuwa tunawinda angani siku nzima na mtoto wake yuko sahanini. Tulipiga magoti mimi na Mjomba kati ya matuta, tukaokota viwavi wachache wakubwa, wabaya wa sura lakini hawaumi, tukawatia kwenye kopo pamoja na mboga yao. Mjomba alilikumbatia kopo njia nzima. Kipepeo wa kulea, alisema, ni bora kuliko wa kunasa. Hutoka kwenye gamba lake mzima, hajachanika popote.

Konyo Konyo

Tukawaweka viwavi sebuleni kwenye karai, tumelifunika kwa chandarua, na kila siku nikawa naenda soko la Konyo Konyo kuwanunulia rijla mbichi. Muuzaji wangu alinipenda. Alidhani nina wageni wengi. Nilipomwambia ni chakula cha viwavi aliniomba nisiseme kwa sauti, wateja wasije wakasikia.

Siku moja nilichelewa. Boda boda niliyoipata iliishiwa mafuta, dereva akaniacha kwenye kivuli cha duka akaenda kuyatafuta, na nilipofika nyumbani meza ilikuwa tayari. Mama Kiden alikuwa amepika rijla kwa nyanya na siagi ya karanga, na asida ya moto, yaani ugali wa kule. Nilikula kama mtu aliyetoka kulima. Nikamsifu, nikaomba nyingine. Mjomba naye alikula, taratibu, akishikiwa bakuli.

Kisha nikaenda kuwapa viwavi majani yao mapya. Karai lilikuwa limeoshwa, limeinamishwa ukutani, linang'aa.

Niligeuka nikaiangalia sahani yangu, niliyoipangusa kwa asida.

"Mama Kiden, viwavi?"

"Viwavi gani? Nimekuta mboga, iko na wadudu. Nimetoa wadudu, nimetupa kwa kuku. Mboga nimepikia mgeni." Akaziba mdomo. "Malesh, samahani, Keji. Malesh, mwalimu. Ilikuwa za kazi?"

Ningemkasirikia nani? Mboga iliyo ndani ya karai, Juba, hupikwa. Mjomba alifuta mdomo, akasema mboga ilikuwa nzuri, na kwamba viwavi wengine watakuja mvua zijazo. Mama Kiden aliinama kukusanya vyombo na sikuweza kuuona uso wake.

Tulirudi Rejaf, lakini mwenye shamba alikuwa amekwisha kulilima tuta la rijla. Kaka akapiga simu kutoka Nakuru akauliza kama nafundishwa kuruka. Siku zangu zilikuwa zinakwisha, na Mjomba hakuwa na nia ya kuvunja sharti lake wala mimi sikuwa na maneno ya kumbembeleza. Nilijiona nimeshindwa. Jioni nilikuwa nageuza kola za mashati yake yaliyobaki, ili niache angalau kazi moja iliyokamilika.

Barazani

Mama Kiden alikuja asubuhi, Mjomba akiwa bafuni. Hakuwa na sinia. Alikuwa ameshika chupa ya jemu iliyofungwa kitambaa mdomoni, ameificha ndani ya kanga. Akakaa karibu nami barazani, akaiweka kati yetu. Ndani, kwenye kijiti, lilining'inia gamba la kahawia, kichwa chini, dogo kama kifundo cha mti.

"Ile siku mimi nilijua," alisema.

Sikumwelewa mara moja.

"Nilijua ni za mwalimu. Kila mtu Juba Na Bari najua mwalimu nalea wadudu. Mimi nilisema, zikiisha, haendi." Aliongea akiitazama chupa, si mimi. "Nimetupa kwa kuku, kweli. Hii moja ilikuwa imeshika kidole yangu. Nikashindwa. Nimeilisha kwangu, imejifunga. Usiku nalala nayo karibu, naiangalia. Nafikiria, nikinyamaza hakuna mtu atajua."

"Kwa nini umeileta?"

"Kwa sababu yeye ametafuta huyu miaka mingi, Keji. Mimi nitampenda namna gani na huku namficha kitu yake?"

Nililia. Siwafichi. Yeye hakulia, alinishikia mkono tu kama vile mimi ndiye niliyefiwa. Na hapo nikaanza kuona yale niliyokuwa nayaangalia siku zote hizo: kisra iliyokatwa vipande vidogo, bakuli linaloshikwa, mishono midogo kwenye kola. Tulikuwa tumekaa kikao Nakuru, watu wazima wenye akili zetu, tukasema yuko peke yake.

Sikumwambia Mjomba kwamba ile ya kuku ilikuwa makusudi. Nilimwambia Mama Kiden amempata mmoja, na ni kweli. Mjomba aliibeba chupa kwa viganja viwili, akaiweka kwenye meza yake, na tukaanza kungoja, sisi watatu, kila mmoja na maombi yake. Gamba likazidi kuwa jeusi, kisha siku moja tukaona rangi ya chungwa imejipenyeza ndani yake kama taa nyuma ya pazia.

Alitoka asubuhi, tukiwa kwenye chai. Aliteremka amekunjamana, amelowa, akajining'iniza kwenye kijiti na kuanza kujaza mabawa yake. Hakuna aliyegusa kikombe. Mabawa yalipokauka Mjomba alisogeza kioo, na mara hii Mama Kiden ndiye aliyemshika kiwiko.

"Doa moja," alisema Mjomba. "Moja tu. Juu, pembeni. Ni yeye."

Sitawapambia hadithi. Kipepeo yule alitiwa kwenye chupa yenye pamba ya dawa, na Mjomba alimwomba radhi, kama anavyowaomba wote. Kisha akaniambia nimpange mimi, mikono yake haiwezi. Nilimpitisha pini kifuani, nikamweka kwenye mfereji wa ubao laini wa kunyooshea mabawa, nikavuta bawa moja kwa ncha ya sindano huku Mjomba akinielekeza. Ni kazi kama ya kutandaza hariri kwenye meza: ukivuta kwa nguvu umeharibu, sharti uiache ikae yenyewe. Nikayabana mabawa kwa vipande vya karatasi, tukamwacha akauke.

Siku tuliyomhamishia kwenye sanduku, Mjomba alifunga kioo, akaupangusa uso wake kwa leso.

"Kalas. Sanduku imejaa. Mimi nilisema, na mimi natimiza. Keji, basi iko lini?"

Mama Kiden aliinuka, akaenda jikoni. Nikasikia anasugua sufuria. Sufuria ile niliiosha mimi mwenyewe muda si mrefu.

Mjomba alikuwa amenyooka kwenye kiti chake, mwalimu mbele ya darasa, mtu wa neno lake. Lakini macho yake yalikuwa mlangoni mwa jikoni, na nikajua kwamba nikisema "kesho" atapanda lile basi, atakaa Nakuru kwenye chumba tulichompakia rangi, hatalalamika kamwe, na sisi tutasema amezoea. Nikaliangalia sanduku. Safu kwa safu, wote wa mchana.

"Mjomba," nikasema, "na nondo?"

"Nondo?"

"Wale wa jioni, wanaokuja kwenye taa. Sanduku la nondo wa Juba liko wapi?"

"Sina. Mimi sikushika nondo."

"Kwa hiyo kazi ni nusu?"

Neno hilo lilimuuma, kama nilivyotaka limuume. Alinikodolea macho. Kule jikoni sufuria ilinyamaza.

"Keji, nondo ni mingi kuliko vipepeo, mara nyingi-nyingi," alisema polepole. "Hiyo ni kazi ya miaka."

"Ndiyo ninavyoona, Mjomba. Na ukoo ulikubali uje sanduku likijaa. Sasa la nondo halijajaa."

Aligonga kioo cha sanduku kwa kidole, mara mbili. Kisha akaita kwa sauti ya chini kuelekea jikoni, "Mama Kiden, iko na shuka nyeupe?"

Jioni ile, giza lilipoanza tu kuingia, tulitundika shuka yake ukutani na kuwasha taa ya sola mbele yake. Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Kabla nondo hata mmoja hajatua, kumbikumbi walimiminika kwa maelfu, na majirani wakaja na mabeseni yenye maji, wakicheka, kila mtu akijua shuka na taa baada ya mvua ni karamu. Mjomba aliwapigia kelele za kialimu kwamba kumbikumbi ni wao, nondo ni wake, na asiwepo wa kuchanganya. Kisha akatua mmoja, mkubwa, rangi ya majivu, na watu wakasogea nyuma. Mjomba aliinua chupa. Mkono wake ulitikisika, chupa ikagonga ukuta. Mama Kiden akaweka kiganja chake chini ya kifundo cha mkono ule, akakishikilia hapo, mkono ukatulia, na nondo akaingia.

Asubuhi nilipanda basi peke yangu.